Raundi mia moja kwa dakika tatu

Kwa miezi saba niliwasifia wageni wangu sauti ya santuri. Mtu akiingia tu, hata maji ya kunywa hajapewa, namkalisha kwenye kochi, nashusha sindano, kisha nasimama pembeni kama mpishi wa pilau anayesubiri mtu wa kwanza aonje. "Unasikia hiyo besi? Unasikia sauti ilivyo na nyama? Kwenye simu huipati hii." Nao wanakubali. Hakuna aliyebisha. Wa kwanza kubisha alikuwa mjomba wangu wa Tanga, na yeye hakuhitaji hata nusu dakika.

Santuri zenyewe ni zake. Mwaka juzi walipaka rangi nyumba, mkewe akaapa kwamba yale masanduku hayarudi tena sebuleni. Mjomba akanipigia: "Wewe ndiye unayependa kuuliza mambo ya zamani. Njoo uchukue. Lakini siyo zote." Nikarudi Dar na basi nimepakata sanduku moja: LP kumi na mbili, zile santuri kubwa, na santuri ndogo za raundi 45 kwa dakika nisizojua idadi yake. Jamhuri Jazz na Atomic, bendi za nyumbani kwake. Black Star, taarabu ya hapo hapo Tanga. Mbaraka Mwinshehe. Na Wakongo, Wakongo wengi. Ukisoma lebo za katikati unakuta Nairobi, Mombasa, tena Nairobi. Mwimbaji wa Tanga, karatasi ya Mombasa.

Sikuwa na cha kuzichezea. Nikaenda Kariakoo nikanunua pleya ya sanduku, ile unayofunga kama begi, spika ndani, inatumia chaja ya simu. Sauti yake ilikuwa ya redio ya mlinzi. Nilifurahi wiki mbili, kisha nikaona unga mwembamba wa kijivu umejikusanya kwenye ncha ya sindano. Nikaupiga picha nikamtumia mjomba nikidhani ni vumbi la Tanga. Akajibu kwa sauti: "Hilo siyo vumbi, ni santuri yangu. Unaikwangua." Akaniambia niache kucheza kitu chochote mpaka nipate mashine ya watu wazima.

Mashine ya watu wazima ililetwa na binamu yangu anayeishi Marekani. Aliinunua dola arobaini kwa jirani aliyekuwa anahama: pleya ya santuri ya miaka ya 1970, inayozungushwa kwa mkanda wa mpira, kifuniko kimepasuka pembe moja, mbao pembeni, kilo nane kwenye begi lake katikati ya mablanketi. Nyuma kulikuwa na kibati kilichoandikwa 120 V, 60 Hz. Hiyo 120 niliielewa, maana huku kwetu ni 230, na kila mtu anamjua mtu aliyeunguza blenda ya Marekani. Nikanunua transfoma ya kushusha umeme. Hiyo 60 niliisoma kama mtu anavyosoma namba ya toleo kwenye mfuko wa simenti.

Nikatafuta amplifaya ya mtumba na spika mbili kubwa za mbao. Siku ya kwanza nilichomeka pleya kwenye tundu la AUX, nikapata sauti ya mbu ndani ya kopo. Fundi redio wa mtaani akaniuliza kwa upole kama nimeona tundu jingine limeandikwa PHONO. Kumbe sindano inatoa umeme mdogo mno, milivolti nne au tano hivi, wakati simu au kicheza CD kinatoa mara mamia. Tena sauti haikuandikwa kwenye santuri kama ilivyo. Besi hupunguzwa makusudi ili mifuo, ile mistari inayopita sindano, isipanuke ikala nafasi, na sauti nyembamba huongezwa ili zisimezwe na mkwaruzo. Tundu la PHONO ndilo linalogeuza hesabu hiyo kurudi mahali pake. Utaratibu wa kiwango kimoja wa kupunguza na kuongeza, RIAA, ni wa tangu mwaka 1954. Nikahamisha waya, chumba kikajaa.

Na hapo ndipo miezi saba ya sifa ilipoanzia. Kutoka redio ya mlinzi kuja kwenye spika za mbao, masikio yangu hayakuwa na la kulinganisha. Kila kitu kilikuwa kizito, cha taratibu, cha heshima. Nikasema kumbe hii ndiyo santuri. Nikanogewa. Nikabadilisha katriji, kile kichwa kinachobeba sindano, nikaweka Audio-Technica ya AT-VM95E yenye sindano ya kijani. Nikanunua waya wa kuunganishia wa shilingi elfu tisini, na naapa niliusikia ukifanya kazi. Leo nikiwaza ule waya nanyamaza kimya.

Mjomba alikuja Dar kwa ajili ya kliniki ya macho, akafikia kwangu. Baada ya shikamoo na chai nikamwekea santuri yake mwenyewe, ndogo ya 45 ya Black Star, ya Shakila. Alikuwa ameshika kikombe. Hakukipeleka mdomoni, hakukirudisha mezani.

"Huyu nani?"

"Shakila, mjomba. Santuri yako hii."

"Shakila gani?"

"Shakila wa Black Star."

"Mwanangu, Shakila mimi nimemwona jukwaani, sikusimuliwa. Huyu ni mwanamume mwenye mafua."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaanza kumweleza kwamba sauti ya santuri ndivyo ilivyo, nzito, siyo kama ya simu. Yaani nikamfundisha santuri mtu aliyenipa santuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Hebu weka Jamhuri." Nikaweka. Akawa anapiga vidole kwenye goti kufuata ngoma, halafu vidole vikasimama. "Hii watu wangeichezaje? Kwa mwendo huu mtu anapiga hatua, anakwenda kunywa maji, anarudi, anapiga ya pili."

Usiku alipolala nikakata kipande cha selotepu nyekundu nikakibandika ukingoni mwa lile sahani linalozunguka. Nikawasha saa ya simu. Kila selotepu ikipita mbele ya skrubu ya mkono wa sindano, moja. LP inatakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Nilipata ishirini na saba, na ya ishirini na nane ilikuwa njiani. Nikarudia, nikidhani nimesinzia. Ishirini na saba na ushee. Nikahamisha mkanda kwenye 45: thelathini na saba na nusu. Nikakaa sakafuni na zile namba. Gawanya huku, gawanya kule, zote zinatoa kitu kimoja: tano kwa sita. Yaani hamsini kwa sitini.

Mota ya pleya ile haifuati volti, inafuata mapigo ya umeme. Umeme wa Marekani unapiga mara 60 kwa sekunde, wa kwetu mara 50. Transfoma inashusha volti basi, mapigo haiyagusi. Kwa hiyo kila wimbo nyumbani kwangu ulikuwa unakwenda pungufu kwa moja ya sita ya mwendo wake. Wa dakika tano unachukua sita. Na sauti inashuka karibu nusu-toni tatu, sawa na mpiga kinanda aliyehamisha vidole vibonye vitatu kushoto, ukihesabu vyeupe na vyeusi. Pleya ya sanduku haikuwa na ugonjwa huo kwa sababu mota yake inakula umeme wa chaja, haijui mapigo. Ile nyama niliyokuwa nawaonjesha wageni, sehemu kubwa ilikuwa ni usingizi.

Asubuhi nilimwambia. Akamalizia mhogo wake kwanza. "Miezi saba?" Nikaitikia. "Na wageni wote hao wakasema nzuri?"

Kulikuwa na njia mbili. Kuna vifaa vinavyotengeneza umeme wa mapigo 60 nyumbani, lakini vizuri vyake vina bei ya pleya nyingine. Au kubadilisha puli, kile kidude cha shaba kinachokaa juu ya mota na kuvuta mkanda. Puli ikinenepa, kila mzunguko wa mota unavuta mkanda mrefu zaidi, na sahani linakimbia zaidi. Inenepe kiasi gani? Sitini kwa hamsini, mara 1.2. Nikachomoa puli, nikaifunga kwenye leso, nikaenda kwa mafundi chuma wa mtaa wa Gerezani.

Fundi niliyempata huchonga zaidi puli za mashine za kusaga. Aliishika yangu kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota hereni. "Dada, hii ya cherehani?"

"Ya santuri."

"Zile sahani nyeusi? Bado zipo?" Akaipima: ngazi ya chini ya 33 ina kipenyo cha milimita 20, ya juu ya 45 ina 27.4. Nikampa karatasi yangu yenye hesabu, 24 na 32.9. Akaniangalia, akaangalia karatasi, akataka kusema neno, akaliacha. Akafunga kipande cha shaba kwenye mashine. Nilisimama pale saa nzima na zaidi nikitazama nyuzi za dhahabu zikidondoka kwenye mchanga. Shilingi elfu ishirini na tano.

Nyumbani nikahesabu upya, safari hii kwa dakika tatu, kwa sababu 33 na theluthi ukiizidisha mara tatu unapata mia kamili, na namba mia haina ubishi. Nikapata tisini na tisa na robo hivi. Mtu mwingine angeridhika. Mimi nilikuwa nimetoka kudanganywa miezi saba na masikio yangu, sikuwa tayari kudanganywa na robo tatu ya raundi. Kesho yake nikarudi Gerezani, na fundi alipoona leso alicheka kabla sijafungua mdomo.

"Umehesabu chuma, hukuhesabu mpira."

Ndilo lile neno aliloliacha jana yake. Mkanda una unene wake, kama milimita moja, na kinachovuta siyo uso wa puli bali katikati ya mkanda ukiwa umeizunguka. Kwa hiyo unachukua 20, unaongeza 1 ya mpira, unazidisha kwa 1.2, unapata 25.2, ndipo unatoa ile 1 tena. Inabaki 24.2. Mashine za kusaga zimemfundisha hivyo. Huko mikanda ina unene wa kidole, ukisahau mpira unga unatoka chenga. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema niliingia na karatasi imeandikwa vizuri sana. Akachonga ya pili kwa nusu bei.

Raundi mia. Selotepu ikarudi pale pale kwenye skrubu, sekunde ya mia na themanini.

Nikaweka Shakila. Nilikuwa nimekaa sakafuni bado na selotepu kidoleni, na mwanamke akaingia chumbani. Sina namna nyingine ya kulieleza. Miezi saba nimekaa na santuri ile sijawahi kukutana naye.

Ila sasa kwa kuwa kila kitu kilikuwa mahali pake, kasoro nyingine zikaanza kujitokeza, moja baada ya nyingine, kama majirani wakisikia una mgeni. Kwanza herufi "s" zilikuwa zinachana. Kila "sisi" na "siku" inatoka kama karatasi inapasuliwa. Tangu mjomba anigombeze kuhusu ule unga wa kijivu, mkono wa sindano nilikuwa naufanya mwepesi kwa makadirio, nikiamini wepesi ni huruma. Nikanunua mizani ndogo ya digitali kama ya sonara, elfu kumi na nane. Kuipata tu haikutosha. Sahani la mizani yenyewe ni la chuma, na ndani ya katriji kuna sumaku. Sindano ilikuwa inavutwa chini kabla haijagusa, mizani inasoma uongo. Nikaweka juu yake kizibo cha chupa ya maji, nikairudisha sifuri, nikaondoa mpira wa juu ya sahani la pleya ili kimo kisipande mno, nikashusha sindano juu ya kizibo. Gramu 1.3. Katriji ile inataka gramu 2, inavumilia kati ya 1.8 na 2.2. Nilikuwa nimeipunguzia mzigo mpaka haikai ndani ya mfuo, inarukaruka na kugonga kuta, na kugonga huko kunaharibu santuri kuliko uzito wa gramu 2 uliotulia. Kwa udadisi nikapima na pleya ya sanduku. Gramu 5 na ushee. Hiyo nayo ilikuwa inalima. Nilipofika 2 kamili, "sisi" ikawa sisi.

Kisha mngurumo. Nilikuwa nimepanga pleya na spika zote juu ya kabati moja la televisheni kwa sababu ndivyo picha za mitandaoni zinavyopendeza. Ukiongeza sauti, spika inatikisa kabati, kabati linatikisa sindano, sindano inarudisha mtikisiko kwenye spika, na vinaendelea kulishana mpaka ukimbie kushusha. Nikahamishia pleya kwenye rafu ya zege iliyojengwa ukutani, mahali pa vyombo vya bibi harusi ambavyo havijawahi kutumika. Haikunigharimu kitu zaidi ya mabishano ya jioni moja. Uvumi mwingine, ule wa chini chini usiokoma, ulikwisha nilipofunga waya mwembamba wa arthi kwenye skrubu yake nyuma ya amplifaya. Ulikuwa unaning'inia tangu siku ya kwanza. Nilidhani ni antena.

LP moja niliiacha kwenye gari mchana kutwa Posta. Ilirudi imejikunja kama chapati. Hiyo sina la kuisemea.

Kuna rafiki yangu, miongoni mwa wageni wa zamani wa besi, alikuja baada ya mabadiliko yote haya. Akakaa mahali pake pa siku zote, akasikiliza nyimbo mbili, akaonekana kutafuta kitu. Mwisho akasema, "Umeiharibu. Ile ya zamani ilikuwa nzito." Nilimweleza habari ya mapigo 50 na 60, puli, mpira. Akasikiliza vizuri. "Sawa," akasema, "lakini ile ya zamani ilikuwa nzito." Puli ya zamani bado iko kwenye droo. Siku akija na watu wake huenda nikamrudishia, nami nikae jikoni.

Sasa lile ambalo sipendi kulisimulia. Mjomba alipoondoka baada ya ile kliniki aliniachia santuri mbili za mama yake, marehemu bibi yangu: taarabu, zile nzito za zamani za raundi 78, ambazo ukiziangusha zinavunjika kama sahani ya udongo. Alitaka nimtafute mtu wa kuzinakili. Zilikuwa na ukungu. Pwani hii kila kitu kina ukungu. Santuri za plastiki nilikuwa nimezoea kuziosha kwa maji ya betri, yale ya kuongezea, siyo asidi, na spiriti kidogo ya duka la dawa, zinatoka zinang'aa. Nikachukua pamba, nikaweka spiriti, nikapitisha mara moja kwenye santuri ya bibi.

Pamba ikatoka nyeusi. Nikafikiri, ebu ona uchafu wa miaka sitini. Nikapitisha tena. Mng'ao ukaondoka, pakabaki utepe wa rangi ya moshi kuanzia ukingoni hadi kwenye lebo, unanata kidoleni. Zile za 78 hazikutengenezwa kwa plastiki. Ni shelaki, utomvu wa mdudu, na seremala yeyote anayepaka polishi ya zamani angeniambia shelaki inayeyushwa na nini: spiriti. Sikuwa nimesafisha uchafu, nilikuwa nimefuta muziki. Na hata haikuwa na maana kuharakisha, kwa sababu pleya yangu haina mwendo wa 78, wala sindano yake si ya kazi hiyo. Mifuo ya zamani ni mipana zaidi, inataka ncha nene, hii nyembamba inakwenda kukwangua sakafuni mwa mfuo.

Nilimpigia siku hiyo hiyo. Kukawa kimya upande wa Tanga, nikasikia kuku. "Ipi?" akauliza. Nikamsomea lebo. "Haya," akasema, akauliza watoto hawajambo.

Alirudi mwezi uliopita kwa miadi ya pili. Shikamoo, marahaba, chai, mhogo. Hakuuliza kitu. Akainuka mwenyewe akaenda kwenye rafu ya zege, akainama kutazama kwa jicho lililotibiwa, akagusa mkanda, akagusa puli mpya. Akachagua Black Star, akashusha sindano kwa mkono usiotetemeka. Akarudi kukaa. Wimbo ulipofika katikati vidole vyake vilikuwa vinatembea kwenye goti, na havikusimama. Ulipoisha akageuza upande wa pili, akasikiliza huo nao mpaka mwisho, sindano ikabaki inazunguka kwenye ukimya wa ndani.

"Huyo ndiye," akasema.

Akavuta mkoba wake kutoka chini ya kochi. Alikuwa ameleta santuri ndogo nyingine, kama thelathini, zimefungwa kwa khanga. Nikaanza kuzipekua kwa furaha, nikitafuta bila kusema.

"Usitafute," akasema. "Zile za bibi yako zinabaki Tanga."